Somo la Kijerumani: Mkimbizi Si Kazi

 

Katika familia zetu wako wanaojifunza Kijerumani. Mmoja ana ndugu aliyefika huko, mwingine amesikia kwamba wauguzi wanahitajika, mwingine anataka kuongoza watalii katika mlima Rwenzori. Somo hili ni la wote hao. Linahusu maswali mawili ambayo mtu anayejifunza Kijerumani hawezi kuyakwepa:

Was sind Sie von Beruf? – Kazi yako ni nini?
Was möchten Sie werden? – Ungependa kuwa nani?

Katika mtihani wa kwanza kabisa wa Goethe, yaani A1, sehemu ya kuzungumza huanza kwa kujitambulisha. Unapewa vidokezo: jina, umri, nchi, mahali unapoishi, lugha, kazi, na unachopenda kufanya ukiwa na nafasi. Kidokezo cha kazi kimeandikwa Beruf. Hapo ndipo wengi wetu hukwama. Mtu akiulizwa kazi yake, hujibu haraka: "Mimi ni mkimbizi." Kwa Kijerumani: Ich bin Flüchtling. Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, lakini haijajibu swali. Mkimbizi ni hali iliyokupata. Kazi ni kitu ulichojifunza kwa mikono yako na kichwa chako, na hali haikuiondoa. Basi leo tujifunze kujibu swali lenyewe.

1. NENO BERUF

Beruf maana yake ni kazi ya mtu, taaluma yake. Limetoka katika kitenzi rufen, yaani kuita. Zamani wito ulihesabiwa kuwa ni wa mapadri na watawa tu. Martin Luther, aliyetoa Agano Jipya kwa Kijerumani mwaka 1522 na Biblia nzima mwaka 1534, alilitumia neno Beruf kwa kazi ya kila siku ya mtu wa kawaida: mkulima, fundi, mama wa nyumbani. Tangu hapo Mjerumani akikuuliza Beruf yako, ndani ya neno hilo kuna wito, hata kama mwenyewe hafikirii hivyo. Mshona viatu ana wito. Mkunga ana wito. Paulo mwenyewe alikuwa fundi wa mahema, na hakuona haya kuitaja kazi hiyo.

2. MATAMSHI KIDOGO

Anayejua Kiswahili ameshapata nusu ya matamshi, maana a, e, i, o, u za Kijerumani ziko karibu na zetu. Shikeni haya machache:

– W husomwa kama V yetu: werden (veaden), wieder (viida).
– V mara nyingi husomwa kama F: von (fon).
– Z husomwa kama TS: Ziel (tsiil).
– SCH ni SH yetu: Schule (shuule). Neno letu "shule" lilitoka hapo, kama vile "hela" ilivyotoka katika Heller, sarafu ndogo iliyotumika Tanganyika wakati wa Wajerumani.
– EI husomwa AI: arbeiten (arbaiten). IE husomwa II.
– CH baada ya a, o, u ni kama KH ya "kheri": machen (makhen). Katika neno ich ni laini zaidi: weka ulimi kana kwamba unasema "hi", kisha puliza hewa. Usiseme "ik".
– Ö: sema E, huku midomo imeviringana kama unasema O. Ndivyo möchte inavyotamkwa.

3. JANA: KAZI ULIYOIFANYA

Tuchukue mfano wa mama aliyefundisha shule ya msingi huko Beni. Anaweza kusema:

Ich war Lehrerin im Kongo. – Nilikuwa mwalimu Kongo.
Ich habe zwölf Jahre als Lehrerin gearbeitet. – Nilifanya kazi ya ualimu miaka kumi na miwili.
Ich bin Lehrerin von Beruf. – Kwa taaluma mimi ni mwalimu.

Angalieni vizuri sentensi ya kwanza na ya tatu. War ni "nilikuwa". Bin ni "mimi ni". Zote mbili ni za kweli, lakini hazisemi jambo moja. Ya kwanza inasimulia kazi iliyokwisha. Ya tatu inasema ujuzi ungali ndani yako. Mwalimu aliyevuka Mpondwe hakuuacha ualimu wake upande ule wa daraja. Kwa hiyo mkiulizwa Beruf, anzeni na bin, kisha mweleze mlifanya wapi na kwa miaka mingapi.

Mambo matatu ya kukumbuka:

Kwanza, mwanamume ni Lehrer, mwanamke ni Lehrerin. Kazi nyingi huongezewa -in kwa mwanamke.

Pili, mbele ya jina la kazi usiweke ein wala eine. Sema Ich bin Lehrer, si Ich bin ein Lehrer. Hapa Kiswahili kinatusaidia, maana sisi pia tunasema "mimi ni mwalimu", basi. Wanaofikiri kwa Kiingereza ndio hukosea. Ukiongeza sifa tu ndipo neno hilo dogo linarudi: Ich bin eine geduldige Lehrerin, yaani mimi ni mwalimu mvumilivu.

Tatu, kuweni waangalifu na neno gelernt. Seremala akisema Ich bin gelernter Schreiner, Mjerumani anaelewa kwamba alisomea useremala hadi mwisho na akapata cheti. Kama ulijifunza kwa kumfuata baba yako au fundi mwingine, sema: Ich habe acht Jahre Erfahrung als Schreiner – nina uzoefu wa miaka minane wa useremala. Ni heshima ileile, na ni kweli.

4. LEO: UNACHOFANYA SASA

Neno la kuanzia ni zurzeit (tsuatsait), yaani kwa wakati huu.

Zurzeit verkaufe ich Tomaten auf dem Markt in Bwera. – Kwa sasa nauza nyanya sokoni Bwera.
Zurzeit arbeite ich auf dem Feld. – Kwa sasa nafanya kazi shambani.
Zurzeit suche ich Arbeit. – Kwa sasa natafuta kazi.

Mmeona kitenzi kimekaa wapi? Katika sentensi ya kawaida ya Kijerumani, kitenzi hushika nafasi ya pili. Zurzeit imechukua ya kwanza, kwa hiyo verkaufe imekuja ya pili, na ich imesogea nyuma. Msiseme Zurzeit ich verkaufe.

Tena msione haya kutaja nyanya au kibarua. Anayekusaili anataka kujua kama unafanya kazi au umekaa. Mama anayeamka alfajiri, anapanga mzigo, anajumlisha shilingi na faranga kichwani bila kukosea, ana jambo la kueleza. Zurzeit inasema pia kwamba hali hii ni ya wakati huu, si ya milele.

5. KESHO: UNACHOTAKA KUWA

Hapa ndipo penye moyo wa somo. Kijerumani kina ngazi za kutaka:

Ich will – nataka. Ni kali kidogo.
Ich möchte – ningependa. Ni ya adabu, nayo ndiyo ya kutumia ofisini na kwenye mtihani.
Ich würde gern – ningefurahi ku-. Ni ya adabu pia.

Kisha tunahitaji kitenzi werden, yaani "kuwa" kwa maana ya kugeuka na kufikia, si "kuwa" kwa maana ya kuwapo. Werden hukaa mwisho wa sentensi:

Ich möchte Krankenschwester werden. – Ningependa kuwa muuguzi.
Mein Sohn möchte Elektriker werden. – Mwanangu wa kiume angependa kuwa fundi umeme.
Meine Tochter will Ärztin werden. – Binti yangu anataka kuwa daktari.

Ikariri hivi: mtu, kutaka, kazi, werden. Subirini hadi mwisho ndipo mseme werden, kama anayefunga mlango baada ya wote kuingia.

Werden ina kazi mbili. Ikiwa peke yake na jina la kazi, ni kugeuka: Ich werde Lehrer – ninakuwa mwalimu. Ikiwa na kitenzi kingine, ni kama -ta- yetu: Ich werde Deutsch lernen – nitajifunza Kijerumani. Inabadilika hivi: ich werde, du wirst, er au sie wird, wir werden, ihr werdet, Sie werden.

Wanaojua Kiingereza wajihadhari na bekommen. Kwa sauti inafanana na neno la Kiingereza la "kuwa", lakini maana yake ni kupata au kupokea. Ich bekomme Arbeit ni "ninapata kazi". Lakini Ich möchte Arzt bekommen itamfanya msikilizaji acheke, maana ni kama umesema unataka uletewe daktari.

Kuna neno lingine dogo ambalo linatufaa sisi kuliko wengi: wieder, yaani "tena".

Ich möchte wieder als Lehrerin arbeiten. – Ningependa kufanya kazi ya ualimu tena.
Ich möchte wieder in meinem Beruf arbeiten. – Ningependa kurudia kazi yangu.

Kijana anayeanza maisha husema werden, maana bado hajawa. Mtu mzima aliyekwisha kuwa na kazi husema wieder. Baba uliyefanya useremala miaka ishirini, usiseme Ich möchte Schreiner werden. Wewe ni seremala tayari. Sema Ich möchte wieder als Schreiner arbeiten.

Mkitaka kueleza shabaha kwa maneno mengi zaidi, tumieni hizi:

Mein Ziel ist es, Hebamme zu werden. – Shabaha yangu ni kuwa mkunga.
Ich habe vor, eine Schneiderei zu eröffnen. – Nimekusudia kufungua nyumba ya ushonaji.
Ich möchte mich selbstständig machen. – Ningependa kujiajiri.

Njia ya kufikia kazi nayo ina maneno yake. Studieren ni kusoma chuo kikuu tu. Lernen ni kujifunza kwa jumla. Eine Ausbildung machen ni kusomea ufundi au kazi, darasani na kazini kwa pamoja. Kwa kawaida huchukua miaka 2 hadi 3 na nusu. Kwa hiyo anayetaka udaktari husema Ich möchte Medizin studieren, na anayetaka uokaji mikate husema Ich möchte eine Ausbildung als Bäcker machen.

6. KWA NINI?

Ukitaja unachotaka, swali linalofuata ni Warum? yaani kwa nini. Jibu huanza na weil (vail), na baada ya weil kitenzi huenda mwisho kabisa:

Ich möchte Krankenschwester werden, weil ich kranken Menschen helfen will. – Ningependa kuwa muuguzi kwa sababu nataka kusaidia wagonjwa.
Ich möchte Bergführer werden, weil ich die Berge gut kenne. – Ningependa kuongoza wapanda mlima kwa sababu naijua milima vizuri.

Kama unataja kusudi, tumia um na zu, yaani "ili":

Ich lerne Deutsch, um eine Ausbildung zu machen. – Najifunza Kijerumani ili nisomee kazi.

Toeni sababu inayotokana na kazi yenyewe. Kusema "kwa sababu nahitaji pesa" si uongo, lakini kila mtu anahitaji pesa, na anayekusikiliza hajajua lolote juu yako.

7. MAJINA YA KAZI

La kwanza ni la mwanamume, la pili la mwanamke.

Mwalimu – Lehrer, Lehrerin
Daktari – Arzt, Ärztin
Muuguzi – Krankenpfleger, Krankenschwester
Mkunga – Hebamme
Fundi cherehani – Schneider, Schneiderin
Seremala – Schreiner, Schreinerin (kaskazini mwa Ujerumani husema Tischler)
Mwashi, fundi wa kujenga – Maurer, Maurerin
Fundi umeme – Elektriker, Elektrikerin
Fundi wa magari – Automechaniker, Automechanikerin
Dereva wa lori – Lkw-Fahrer, Lkw-Fahrerin
Mkulima – Landwirt, Landwirtin
Mpishi – Koch, Köchin
Mwokaji mikate – Bäcker, Bäckerin
Msusi, kinyozi – Friseur, Friseurin
Muuzaji – Verkäufer, Verkäuferin
Mchungaji wa kanisa – Pfarrer, Pfarrerin

Neno moja kwa wauguzi. Krankenschwester maana yake hasa ni "dada wa wagonjwa", kwa kuwa kazi hiyo zamani ilifanywa na watawa, na baadaye na mashemasi wa kike kama wale wa Kaiserswerth, ambako mchungaji Theodor Fliedner alianzisha nyumba yao mwaka 1836. Watu bado hulitumia neno hilo, lakini tangu mwaka 2020 jina rasmi la anayehitimu ni Pflegefachfrau kwa mwanamke na Pflegefachmann kwa mwanamume. Katika barua tumieni jina jipya mkieleza mnachotaka kusomea.

8. VYETI VILIVYOBAKI NYUMBANI

Wengi walikimbia usiku, na vyeti vikabaki ndani ya nyumba. Sentensi hizi ni za kukariri:

Meine Zeugnisse sind im Kongo geblieben. – Vyeti vyangu vilibaki Kongo.
Meine Zeugnisse sind verbrannt. – Vyeti vyangu viliungua.
Aber ich kann zeigen, was ich kann. – Lakini naweza kuonyesha ninachokiweza.

Hii ya mwisho si maneno ya kujifariji tu. Ujerumani ina sheria ya kutambua masomo ya nje, iliyoanza tarehe 1 Aprili 2012. Kutambuliwa huko huitwa Anerkennung. Kwa kazi nyingi za ufundi, mtu aliyesomea kazi lakini hawezi kupata karatasi zake kwa sababu isiyo kosa lake anaweza kupimwa kwa mazungumzo na fundi mjuzi, au kwa kufanya kazi ya mfano mbele yake. Kwa uuguzi, ukunga na udaktari masharti ni mazito zaidi: huwezi kuifanya kazi hiyo kabla haijatambuliwa, na mara nyingi kuna mtihani wa ujuzi uitwao Kenntnisprüfung. Kila faili huamuliwa peke yake.

Kwa hiyo msinunue cheti cha bandia ili kujaza pengo. Cheti cha bandia kikigunduliwa huharibu hata yale ya kweli uliyosema. Ni afadhali kuandikia shule au chuo ulikosoma na kuomba nakala, na kuhifadhi kila karatasi iliyobaki, hata ya mshahara au barua ya kazi.

9. MAZUNGUMZO

Someni wawili wawili. Angalieni neno Sie: ni "wewe" ya heshima, kama sisi tunavyomwita mtu "mzee" au "mama" bila kutaja jina lake. Kwa mtoto au rafiki husemwa du.

– Guten Tag. Was sind Sie von Beruf?
– Guten Tag. Ich bin Krankenschwester von Beruf. Ich habe neun Jahre in einem Krankenhaus in Butembo gearbeitet.
– Und was machen Sie jetzt?
– Zurzeit verkaufe ich Gemüse auf dem Markt in Bwera.
– Was sind Ihre Pläne?
– Ich möchte wieder in der Pflege arbeiten. Deshalb lerne ich Deutsch.
– Haben Sie Ihre Zeugnisse?
– Nein, meine Zeugnisse sind im Kongo geblieben. Aber ich kann zeigen, was ich kann.
– Warum lieben Sie diesen Beruf?
– Weil kranke Menschen Geduld brauchen, und Geduld habe ich.

Kwa Kiswahili:

– Habari za mchana. Kazi yako ni nini?
– Nzuri. Kwa taaluma mimi ni muuguzi. Nilifanya kazi miaka tisa katika hospitali huko Butembo.
– Na sasa unafanya nini?
– Kwa sasa nauza mboga sokoni Bwera.
– Mipango yako ni ipi?
– Ningependa kufanya uuguzi tena. Ndiyo maana najifunza Kijerumani.
– Unavyo vyeti vyako?
– Hapana, vilibaki Kongo. Lakini naweza kuonyesha ninachokiweza.
– Kwa nini unaipenda kazi hii?
– Kwa sababu wagonjwa wanahitaji uvumilivu, na uvumilivu ninao.

Hakuna mahali mama huyu alipojisifu kupita kiasi, na hakuna alipojidharau. Amesema jana, leo na kesho. Neno "mkimbizi" halikutajwa, si kwa kuficha, bali kwa kuwa hakuulizwa. Akiulizwa, atasema: Ich bin Flüchtling, aber von Beruf bin ich Krankenschwester.

10. LUGHA NA SAFARI

Tuseme ukweli, wapendwa, maana wako wanaouza matumaini. Kujua Kijerumani hakumpi mtu visa. Ngazi za lugha ni sita: A1, A2, B1, B2, C1 na C2. Kwa Ausbildung kwa kawaida hutakiwa B1, na kwa muuguzi kutambuliwa kwa kawaida hutakiwa B2. Tangu Juni 2024 kuna pia Chancenkarte, kibali cha kwenda kutafuta kazi; lakini chenyewe kinadai lugha, masomo ya kazi yanayotambuliwa katika nchi ulikosoma, na uthibitisho kwamba una fedha za kujikimu. Wauguzi waliosomea Kongo wasichanganye ngazi hizi na zile za hospitali za kwetu. Kwetu muuguzi A1 yuko juu ya A2. Katika lugha, A1 ndiyo ngazi ya chini kabisa.

Anayekuambia "lipa kwanza, lugha utajifunza huko" mwogopeni. Anayeomba hati zako za asili azikae nazo mwogopeni zaidi. Visa hutolewa na ubalozi wa Ujerumani, si na mtu wa mtaani. Maelezo ya serikali ya Ujerumani kuhusu kazi yako bure katika intaneti kwa jina Make it in Germany.

Na si lazima mtu asafiri ndipo lugha imfae. Wajerumani huja kupanda Rwenzori kupitia Kilembe, na kutembelea mbuga ya Queen Elizabeth. Juu huko mlimani kuna njia iitwayo Stuhlmann, jina la Mjerumani Franz Stuhlmann aliyeupanda mlima kutoka upande wa Kongo mwaka 1891. Kijana anayeweza kumsalimia mgeni na kumweleza njia kwa lugha yake ana kitu cha ziada. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa haki ya kufanya kazi. Tena kwa wanaotaka chuo kikuu upo msaada wa masomo uitwao DAFI, unaoendeshwa na UNHCR kwa fedha za Ujerumani na wafadhili wengine tangu mwaka 1992. Wanafunzi wake husoma katika nchi waliyokimbilia, kwa hiyo Kijerumani si sharti. Lakini huko nako utatakiwa kueleza unataka kuwa nani na kwa nini, na mliyojifunza leo yatawasaidia kupanga mawazo.

Kwa kujifunza, Goethe-Zentrum ya Kampala hufundisha kwa ada. Asiye na ada anaweza kufuata masomo ya bure ya Deutsche Welle yaitwayo Nicos Weg, yanayoanzia A1 hadi B1. Simu moja inatosha watu watano wakikaa pamoja, na gharama ya intaneti mkachangiana.

Msiseme mmezeeka. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844. Katika mwaka huohuo alimzika mke wake na mtoto wao mchanga. Hakukijua Kiswahili alipofika. Alijifunza kwa kusikiliza na kuandika neno moja moja, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilichapwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Ikiwa yeye aliweza kuijua lugha yetu katika msiba na ugeni, sisi nasi tunaweza kuijua yake.

ZOEZI

Jazeni neno moja: bin, als, werden, wieder, weil, zurzeit.

1. Mein Sohn möchte Koch ______.
2. Ich ______ Schneiderin von Beruf.
3. Ich habe zehn Jahre ______ Maurer gearbeitet.
4. ______ suche ich Arbeit in Kasese.
5. Ich war Lehrer und möchte ______ als Lehrer arbeiten.
6. Sie möchte Hebamme werden, ______ sie Müttern helfen will.

Majibu: 1 werden, 2 bin, 3 als, 4 Zurzeit, 5 wieder, 6 weil.

Kazi ya nyumbani: kila mmoja katika familia, kuanzia babu hadi mtoto wa shule, aandike sentensi tatu: ya kwanza yenye bin au war, ya pili yenye zurzeit, ya tatu yenye möchte. Someni kwa sauti jioni, wote wakisikiliza. Watoto wengine watasikia kwa mara ya kwanza kwamba mama alikuwa muuguzi, au kwamba baba alijenga nyumba za watu kule Beni. Wasikie, maana wengine wamezaliwa huku na wametujua tukipanga foleni ya chakula tu.

Mungu awabariki katika masomo yenu.